Chama chenye itikadi kali kizuiwe lini, na nani aamue?

Mwalimu wa Historia, Uyole

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninafundisha kidato cha tano na cha sita katika shule moja hapa Mbeya, na wiki iliyopita nilisimamia mdahalo ambao ulinishinda kuufunga. Mada ilihusu kama dola ina haki ya kuvizuia vyama vyenye itikadi kali. Msichana mmoja wa mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), upande wa kuunga mkono, aliisoma Ibara ya 20 ya Katiba yetu ya mwaka 1977, inayokataza kuandikisha chama kinachopigania maslahi ya dini au kabila moja, kinachotaka Jamhuri ya Muungano ivunjwe, au kinachokubali mabavu kuwa njia ya kufikia malengo yake ya kisiasa. Mpinzani wake hakumjibu kwa ibara nyingine. Aliuliza tu: "Babu yangu anauza viazi Mwanjelwa, na kila siku anasema watu wa kuja waondoke sokoni. Naye apigwe marufuku?"

Ukumbi uliangua kicheko, lakini swali lilibaki palepale, kwa sababu mzee anayenung'unika kibandani na chama kinachojiandaa kuwatoa wenzake kwa nguvu wanaweza kutumia maneno yaleyale. Naomba mnisaidie: mpaka uwekwe wapi, na nani akabidhiwe kamba ya kuupimia?

Wakili, Iringa Mjini

Kamwene, mwalimu. Tumtoe babu kwanza, maana Ibara ya 20 inahusu vyama. Yeye analindwa na Ibara ya 18, inayompa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza, ingawa Ibara ya 30 inaruhusu sheria kuweka mipaka kwa ajili ya haki za wengine na usalama wa jamii.

Mfano mzuri tunao huku huku kwetu. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila, mwenyeji wa Ludewa, alikuwa na ulimi mkali kuliko wanasiasa wengi wa wakati wake. Wafanyabiashara wenye asili ya Asia aliwaita magabacholi, neno la dharau, tena hadharani, na sioni sababu ya kulitetea neno hilo. Chama chake cha DP (Democratic Party) kilinyimwa usajili mwanzoni mwa mfumo wa vyama vingi kutokana na msimamo wake dhidi ya Muungano, kikasajiliwa mwaka 2002. Hata hivyo, ni mtu huyohuyo aliyekwenda mahakamani, na mwaka 1994 Jaji Lugakingira akatamka kwamba masharti ya kuomba kibali cha mkutano wa hadhara yalikuwa kinyume cha Katiba. Kama angezibwa mdomo kabisa kwa sababu ya magabacholi, haki hiyo ingedaiwa na nani?

Wajerumani, ambao wana sababu nzito ya kuogopa, wameuacha uamuzi wa kufuta chama mikononi mwa Mahakama ya Katiba peke yake. Ilifuta chama cha Wanazi mamboleo mwaka 1952 na chama cha Kikomunisti mwaka 1956. Mwaka 2017 ilikataa kukifuta chama cha NPD, cha mrengo mkali wa kulia: ilikiri kwamba malengo yake yanapingana na katiba, lakini ikaona hakina nguvu ya kuyatimiza.

Dereva mstaafu, Makambako

Nimesoma maelezo ya wakili kwa heshima, lakini mimi sikubali kusubiri mpaka chama kipate nguvu. Mwaka 1994 nilikuwa nikiendesha lori, na tulipeleka mahindi Ngara baada ya Wanyarwanda zaidi ya 200,000 kuvuka mpaka wa Rusumo, wakikimbia vita na mauaji kwao, kwa muda wa siku moja hivi. Katika kambi ya Benaco nilimwona mwanamume ameketi juu ya gunia, mguu mmoja hauna kiatu, ameshika redio ndogo sikioni ingawa betri zilikuwa zimekwisha. Alikuwa akizungusha kitufe tu. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba kwao kulikuwa na redio, RTLM, iliyoanza mwaka 1993, iliyowaita majirani zao mende. Mende huyo alitajwa miezi mingi kabla ya panga. Mwaka 2003 mahakama ya Arusha, ile ya Umoja wa Mataifa iliyoshughulikia mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliwatia hatiani waanzilishi wake wawili pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura, lakini hukumu haifufui mtu.

Mtangazaji wa redio ya jamii, Tukuyu

Shikamoo mzee wangu. Uchungu wako ninauelewa, ila mimi hukaa upande wa pili wa kipaza sauti. Niliwahi kukatisha kipindi kuhusu bei ya chai kwa sababu kiongozi mmoja alipiga simu akasema wakulima wanachochewa. Neno "uchochezi" ni gunia lisilo na kitako. Mwezi Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria yetu ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, vikiwamo vya uchochezi, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya.

Wakili, Iringa Mjini

Mzee wa Makambako, kesi uliyoitaja ilikwenda rufaa. Mwaka 2007 majaji walisema haikuthibitika kwamba matangazo ya RTLM ya kabla ya tarehe 6 Aprili 1994, siku aliyouawa rais wa Rwanda na mauaji ya kimbari yakafuata, yalikuwa uchochezi wa moja kwa moja wa mauaji ya kimbari. Ya baada ya siku hiyo, ambayo yalifuatana na vizuizi vya barabarani na orodha za majina, yalithibitika. Hilo halina maana kwamba neno "mende" lilikuwa halali mwaka 1993. Lilistahili kesi, ila kesi ndogo, ya kauli ya chuki, mbele ya hakimu na kwa adhabu inayolingana nalo.

Mwalimu wa Historia, Uyole

Nimewaelewa, na nakiri kwamba neno "dola" katika mada yangu lilimchanganya msajili, polisi na jaji kana kwamba ni mtu mmoja. Ijumaa tunarudia mdahalo. Nitawapa matamshi mawili, moja la babu wa viazi na moja la redio, kisha waseme nani ashtakiwe, kwa kosa gani, na mbele ya nani. Kijana wa Mwanjelwa ameomba awe upande wa mashtaka.