Nyimba na katuni: zinachochea maandamano au zinayapoza?

Fundi wa Busia
Wadau, juzi kwenye kibanda cha chapati hapa mpakani tulibishana hadi chai ikapoa. Kijana mmoja alisema bila wasanii upinzani Uganda ungekufa zamani. Mimi nasema wasanii ndio walioufanya uwe tamasha.

Mwimbaji Kyagulanyi, yaani Bobi Wine, alipoingia Bungeni 2017 kwa uchaguzi mdogo wa Kyadondo East, wanyonge walipata wa kuwasemea. Hilo silipingi. Ila tangu siku hiyo kila kitu kinamngoja mwimbaji. Akifungiwa nyumbani, mtaa mzima kimya. Watu wanaitikia kiitikio kwa nguvu zote, kikiisha kila mmoja anatafuta boda ya kurudi kwake. Halafu sanaa yenyewe haina mwenyewe. Kabla ya uchaguzi wa 2011 Rais Museveni naye alitoa rap, tukaicheza kwenye baa. Mwaka 2015 wasanii wakubwa walijipanga wakamwimbia yeye. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nibishieni.

Mama Zubeda, Bombo
Mwanangu Fundi, unasema kiitikio kikiisha watu hurudi nyumbani. Novemba 2020, Kyagulanyi alipokamatwa Luuka kwenye kampeni, watu waliandamana, na zaidi ya 50 waliuawa, hawakurudi. Anza na hao.

Pili, kama ni tamasha tu, mbona linazuiwa? Pasaka ya 2019 polisi walilifunga lake la Busabala. Septemba mwaka huohuo bereti nyekundu ya wafuasi wake ikatangazwa kuwa vazi la jeshi. Kofia! Mwanaharakati Stella Nyanzi aliandika shairi la kumshambulia Rais Facebook, akahukumiwa miezi 18. Mahakama Kuu ilipomwachia Februari 2020 alikuwa ameshaitumikia sehemu kubwa.

Na hili si jipya. Mimi nilikuwa msichana Byron Kawadwa alipochukuliwa, 1977. Alikuwa mkurugenzi wa National Theatre, ametoka Lagos kwenye FESTAC, tamasha la sanaa za Waafrika, na igizo lake. Akauawa. Wakati huohuo wa Amin, kundi la Robert Serumaga lilicheza kwa miili na milio kuliko kwa maneno. Mkaguzi atakata nini? Huwezi kukata mguu wa mchezaji ukasema umesahihisha mswada.

Boda wa Kisenyi
Mmesahau nguruwe! Juni 2014, vijana wawili waliingiza Bungeni vitoto vya nguruwe vilivyopakwa rangi ya manjano ya chama tawala. Mimi Mwislamu, nguruwe simgusi, lakini wale niliwaelewa kuliko hotuba zote za upinzani mwaka ule.

Mwalimu, Arua
Shikamoo Mama Zubeda. Nyote mnazungumza kama Uganda ni Kampala. Nyimba hizo nyingi ni za Kiluganda. Huku West Nile kijana anacheza mdundo, maneno yanampita. Ukimwambia mtunzi aimbe Kiswahili anakunja uso: kwake hiyo ni lugha ya kambi za jeshi na ya vizuizi vya barabarani, lugha ya "lala chini". Katiba imeitambua kama lugha rasmi ya pili tangu 2005, lakini masikio hayabadilishwi na Katiba. Kwa hiyo Fundi amekosea ugonjwa. Shida ya nyimba zetu si kwamba ni tamasha, ni kwamba zina mlango mmoja.

Tazameni Aprili 2023. Jimmy Spire Ssentongo, mhadhiri na mchora katuni, aliwaita watu kwenye maonyesho ya mashimo Twitter: piga picha shimo la barabara yako, lete. Hakuna jukwaa, hakuna nyota, hakuna Kiluganda wala Kilugbara. Shimo ni shimo. Watu wakachora, wakatania, wakavua samaki wa kubuni humo ndani. Rais akaagiza Kampala ipewe shilingi bilioni 6 za kuziba.

Fundi wa Busia
Mwalimu umenipa silaha! Bilioni 6 zimetoka, picha zikapungua. Aliyeomba kokoto kapewa kokoto. Nani aliuliza tena hela za barabara zilikuwa zinakwenda wapi?

Mwalimu, Arua
Waliuliza. Baada ya mashimo yalikuja maonyesho ya hospitali, na 2024 ya Bunge lenyewe, matumizi yake yakianikwa. Julai 23 mwaka huo vijana wakajaribu kuandamana kwenda Bungeni, wakakamatwa kwa makumi. Hawakuongozwa na mwimbaji.

Boda wa Kisenyi
Shimo la kwetu limerudi, kwa taarifa yenu.

Mama Zubeda, Bombo
Fundi, wewe si ulikuwa mwigizaji? Uliacha kwa nini?

Fundi wa Busia
Umenibana, Mama. Tulikuwa na igizo la diwani anayeuza dawa za zahanati. Ofisa mmoja akataka mswada kabla ya onyesho, akaifuta sehemu ya diwani. Siku ya onyesho tulifika hapo tukasimama tu, kimya, kama dakika nzima. Watu wote walikuwa wameshasikia kilichofutwa. Walicheka hadi wakasimama juu ya viti. Ofisa alikuwa mstari wa mbele, akatazama huku na huku asijue amkamate nani.

Hatukuitwa tena.

Mama Zubeda, Bombo
Na bado unaniambia ni tamasha.