Kantini za kazini zilazimishwe kuacha soda na chipsi?

Mpimaji: Wadau, kiwandani kwetu uongozi umebandika tangazo. Kuanzia mwezi ujao kantini haiuzi soda, chipsi ni Ijumaa tu, na ile mashine ya soda na biskuti pale getini inaondolewa. Kila sahani iwe na mboga za majani na tunda. Naunga mkono kwa moyo wote, tena natamani serikali iifanye kuwa kanuni kwa kila sehemu ya kazi yenye kantini. Soda moja ya mililita 350 ina sukari zaidi ya gramu 35, vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe kama gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana abaki chini ya 25. Kwetu mtu anamaliza mbili kabla ya saa nane mchana. Na tusidanganyane, wanaotumaliza zaidi ni hawa mama lishe wanaopewa kantini. Wanachojua ni mafuta na chumvi, lishe imebaki kwenye jina. Naomba kuwasilisha.

Jembe la Tabata: Mkuu, nina miaka 44 na watoto watatu, leo bosi anichagulie kinywaji? Anilipe mshahara kwa wakati, tumbo aniachie mwenyewe.

Binti Vingunguti: Mambo ya soda endeleeni nayo. Mimi nimekuja kwa hiyo sentensi ya mwisho ya Mpimaji. Mama yangu ni mama lishe. Anaamka saa tisa usiku, anawasha mkaa, anachagua mawe kwenye mchele kwa tochi ya simu, ungo uko mapajani. Wali maharage anauza 2,000. Kuna siku alipunguza mafuta kwenye mchuzi. Wateja wakasema maharage yamepauka, wiki haikuisha wakahamia kibanda cha jirani. Sasa hapo nani hajui lishe?

Mpimaji: Dada, mama yako sikumtaja. Nimesema wanaopewa kantini.

Binti Vingunguti: Na hao wanaopewa kantini unadhani wametoka mwezini? Ni hao hao akina mama. Umewatukana kwa jumla, sasa unataka kuomba radhi kwa rejareja.

Mtu wa Zamu: Tuseme ukweli jamani. Mimi niko zamu ya usiku, naliona lile karai. Mafuta yamekuwa meusi kama kahawa. Samaki wa jana, viazi vya leo, kesho sambusa, humo humo. Ukila, koo linawasha mpaka asubuhi. Hilo nalo tulinyamazie kwa sababu mpishi ni mama wa mtu?

Dada Nesi: Naomba nirudi kwenye soda, maana ndiyo iliyoulizwa. Chuo kikuu cha tiba cha California, kile cha San Francisco, kiliacha kuuza vinywaji vya sukari kwenye maeneo yake yote mwaka 2015. Wakawafuatilia wafanyakazi waliokuwa wanywaji wakubwa. Baada ya miezi kumi hivi unywaji ulishuka karibu nusu, na viuno vikapungua kama sentimita mbili. Mimi napima presha na sukari za wafanyakazi kila wiki. Wengi hawajui wanakunywa kiasi gani, wanachukua kwa sababu iko mbele yao.

Jembe la Tabata: Marekani! Wenzetu huko wana hela ya saladi. Halafu hao waliopigwa marufuku walikubali tu?

Dada Nesi: Kaka, hakuna aliyepigwa marufuku kunywa. Chuo kiliacha kuuza. Aliyetaka alikuja nayo kutoka nyumbani. Na sifichi, uzito wenyewe haukushuka kwa kiasi cha maana.

Jembe la Tabata: Sawa, nimekuelewa. Ila na hapa waandike hivyo hivyo kwenye tangazo, kwamba mtu akija na yake asisumbuliwe na mlinzi.

Karani Mstaafu: Wanangu, nimekaa ofisi ya mishahara miaka mingi, niwaambie msichokiona. Mpishi wa kantini analipa kodi ya jiko kwa kampuni. Mfanyakazi anakula kwa tiketi, anakatwa mwisho wa mwezi. Ile hela mpishi anaisubiri, mara siku 30, mara 60. Huku dukani akopeshwe mafuta na mchele. Mafuta ya alizeti atayaona rafuni tu, atachukua ya bei ya chini na kuyakaanga mpaka yaishe. Lile karai la Mtu wa Zamu limeanzia kwenye meza ya mhasibu.

Binti Vingunguti: Shikamoo baba. Ndiyo hiyo niliyoshindwa kuieleza kwa hasira. Mama alipewa kantini mwaka mmoja, akatoka na deni la duka la mchele, kampuni yenyewe ikimdai kodi ya jiko.

Mtu wa Zamu: Basi sheria ianzie hapo. Mpishi alipwe kila wiki, ndipo mkaguzi aje kuangalia mafuta.

Mpimaji: Dada Binti, neno la lishe kubaki kwenye jina nalifuta, nilikosea. Lakini kuhusu soda sirudi nyuma. Kaka yangu mkubwa ana kisukari, amekatwa vidole viwili vya mguu, naye alikuwa mtu wa soda mbili kwa siku.

Binti Vingunguti: Pole sana kwa kaka. Nimekusamehe. Nimemsomea mama huo ujumbe wa kwanza, anachambua mchicha hapa. Hajagusia hata matusi. Anauliza, hilo tunda na mboga za kila sahani, tangazo limesema bei ya sahani itakuwa ngapi?

Mpimaji: Nimelipiga picha, nimelisoma tena sasa hivi. Bei ni ile ile.