Vuta N'kuvute, Rosa Mistika au Peponi: tuanze na kipi?

Kidawa_Temeke
Wakuu, salaam. Mimi na wenzangu wa kazini tumeunda kikundi cha kusoma. Wengi wao mara ya mwisho kushika riwaya ya Kiswahili ni kidato cha nne, tena kwa kulazimishwa. Nimepewa jukumu la kuchagua kitabu cha kwanza, na hiki kikiwachosha, cha pili hakitakuwepo. Vitatu nilivyomaliza karibuni ndivyo vinavyogombania nafasi.

Vuta N'kuvute ya Adam Shafi: Zanzibar ya wakoloni. Yasmin anaozwa angali binti mdogo kwa Bwana Raza, mwenye duka aliyemzidi umri mno. Anamkimbia, ndugu zake wanamkana, anapokewa na shoga yake Mwajuma kule mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja. Halafu anaingia Denge, kijana aliyesoma Urusi ambaye makachero wa Mwingereza hawambanduki. Nilikwenda nacho mbio mpaka siasa zilipokolea, hapo nikapunguza mwendo. Yasmin ananivutia kuliko Denge, na nahisi mwandishi mwenyewe alivutwa huku na huku.

Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya 1971. Kifupi na kikali. Nimekifunga nikiwa na hasira na kila mtu, baba, walimu, wachumba, na Rosa mwenyewe.

Peponi, yaani Paradise ya Abdulrazak Gurnah kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Yusuf ana miaka 12 anapochukuliwa na tajiri Aziz kufidia deni la baba yake. Msafara wa kwenda bara ndio utamu wenyewe, ila kabla ya kufika huko panahitaji subira.

Ningekuwa nachagua cha kwangu peke yangu ningesema Peponi. Kwa kikundi, nimekwama. Tafadhali msimwage mchele kuhusu miisho.

BintiMalindi
Vuta N'kuvute, sina hata haja ya kusitasita. Kwa nini? Mwajuma. Hakuna mhusika kwenye hivyo viwili vyengine ambaye ungetamani kukaa naye barazani ukamsikiliza. Hana kitu, lakini mlango wake uko wazi, na maneno yake yanamtoka hivi hivi kama tunavyozungumza kwetu. Adam Shafi anaandika watu wakisema, hatii hotuba midomoni mwao. Isipokuwa Denge, hapo nakubaliana nawe, mara nyengine anahutubu.

Halafu kuna sinema ya Amil Shivji ya 2021, ile iliyofika tamasha la Toronto. Mkimaliza kitabu mnaitazama pamoja na mnagombana upya. Siti Amina ndiye Mwajuma mle. Mie nilikuwa nimeshamchora kichwani, lakini alinishinda.

KitabuTeule254
Kidawa, salamu kutoka Nakuru. Nikupe tahadhari moja. Sisi huku kitabu teule chetu kilikuwa Utengano ya Said Ahmed Mohamed, kabla Kidagaa Kimemwozea hakijaingia. Tulikisoma kwa ajili ya dondoo na maswali ya insha, na hadi leo nikishika riwaya mkono unatafuta kalamu nipigie mstari jazanda na kinaya. Huko kwenu nasikia Vuta N'kuvute husomwa kidato cha tano na sita. Kama kuna waliopita huko, watakuja na majibu ya mwongozo mfukoni: "dhamira kuu ni ukombozi". Kikao kimekwisha kabla chai haijamiminwa.

Mimi napiga kura kwa Rosa. Kwanza ni kifupi, na mtu anayerudi kusoma anataka aone mwisho wa kitabu. Pili, linganisha Zakaria, babake Rosa, na Bwana Maksuudi wa Utengano. Wote ni akina baba wanaofungia mabinti ndani na kuita hayo malezi, na wote binti akitoka anatoka bila breki. Ila Said Ahmed Mohamed anamhurumia Maimuna, binti wa Maksuudi. Kezilahabi simwoni akimhurumia yeyote. Watu watabishana, niamini.

Nansio_Bandarini
Ndugu yangu wa Nakuru kanena. Mimi ni mtu wa Ukerewe, kwa hiyo pokeeni maneno yangu mkijua napendelea. Namagondo ya kitabuni ni kijiji alikozaliwa Kezilahabi. Zakaria na pombe yake, barua ya kijana Charles inayomletea Rosa kipigo mbele za watu, huo si ufundi wa kubuni tu, ni mambo tuliyoyaona vijijini.

Kiswahili chake ni cha bara, sentensi fupi, hakuna mapambo. Kuna wanaomdharau kwa hilo. Mimi naona ndiyo sababu mtu aliyeacha kusoma miaka mingi hatajikwaa. Na mkumbuke kilipigwa marufuku mashuleni kwa muda kwa madai ya maadili, kisha baadaye kikaja kufundishwa humo humo. Waambie hilo tu wenzako, watakinunua.

Kasoro yake: wanaume wanaomharibia Rosa maisha wanateleza tu, mzigo wote anabebeshwa yeye. Nilipokuwa kijana nilidhani mwandishi anamhukumu. Sasa nadhani anatuhukumu sisi, lakini bado sijaridhika kabisa. Jambo jingine, Kidawa, mwisho wake ni mzito sana, unaujua. Ukiwa na mtu kikundini ambaye msiba wa namna ile umemgusa, zungumza naye pembeni kwanza. Na wakishampenda Kezilahabi usiwakabidhi riwaya yake Nagona mara moja. Ile ya 1990 ni dunia nyingine, utawapoteza.

Baharia_Muscat
Assalaam alaykum. Mimi ni wa Peponi. Nilikisoma kwa Kiingereza zamani, nikakisoma tena kwa Kiswahili, na mara ya pili ndiyo nilihisi watu wale wamerudi kwao. Khalil anavyomgombeza Yusuf dukani, nilicheka peke yangu. Mwenye kuijua sura ya Yusuf katika Kurani ataona mapema kwa nini bibi wa nyumba ile, mke wa Aziz, anamtaka kijana karibu, na hapo kitabu kinapata kina ambacho Mzungu anakipita hivi hivi.

Aidha, aliyewahi kupitia Safari za Wasuaheli, zile habari alizokusanya Carl Velten na kuchapishwa 1901, atatambua msafara ule na masaibu ya kwa mtawala Chatu huko bara. Gurnah hakuyaokota hewani.

Lakini kwa watu wanaoanza? Hapana. Wataishia dukani kwa Aziz, msafara haujaondoka.

BintiMalindi
Ami, mazungumzo yake sawa, yana ladha. Masimulizi lakini nnaona yamebaki na ubaridi fulani, kama mtu anayetuangalia kutoka dirishani. Simlaumu mfasiri, Gurnah ndivyo aandikavyo.

Baharia_Muscat
Huo unaouita ubaridi mimi naupenda. Mtoto kauzwa na babake, ukipiga kelele juu ya jambo kama hilo unaliharibu. Tusiafikiane tu hapa, bibie.

Mfuasi_wa_Bwana_Msa
Mbona mnawapa watu msiba mtupu? Binti kaozwa, binti kaharibikiwa, mtoto karehanishwa! Watu wametoka kazini wamechoka. Wapeni Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ya 1960. Kuna maiti, kuna mashaka, kuna mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, na rafiki yake Najum anayekosea kila anapodhani amepatia. Kila mmoja kikundini atakuja na mshukiwa wake. Nani atasema amechoka?

KitabuTeule254
Hili nalo lina uzito. Ingawa Najum kwa masimulizi marefu, anaweza kukulaza.

Kidawa_Temeke
Ahsanteni wote. Nimewasomea wenzangu uzi huu wakati wa chakula cha mchana. Wawili walipita kidato cha sita na Vuta N'kuvute, na mmoja kweli akaanza "dhamira kuu ni…", tukamzomea. Tumekubaliana Rosa Mistika ianze, nusu kwanza halafu tukutane, kisha tumalize. Nimeshazungumza pembeni kama alivyoshauri wa Nansio. Bwana Msa atafuata ili watu wapumue, na Vuta N'kuvute baada yake, sinema ikiwemo. Peponi nitaiazimisha kwa anayetaka, ila anirudishie.

Swali la mwisho: Rosa naipata wapi nakala nzuri? Ya kwangu ni ya kuazima.

Nansio_Bandarini
Maduka makubwa ya vitabu hapo mjini uliza kwanza. Ukienda kwa wauza vitabu vilivyotumika, ifungue uikague kurasa zote kabla hujalipa. Niliyouziwa mimi ilikuwa nakala kivuli, na sura nzima ya Morogoro haimo.