Huduma ya Kwaresma shuleni: Sista anataka cheti, bibi anataka majani ya ng'ombe

MwalimuMigombani

Tumsifu Yesu Kristo wakuu, na ndugu zangu Waislamu assalaam aleikum. Nafundisha baiolojia sekondari ya wasichana ya bweni, ya masista, huku Rombo. Januari nilikabidhiwa ulezi wa TYCS, chama cha vijana wanafunzi Wakatoliki Tanzania, baada ya aliyekuwepo kuhamishwa, na pamoja nao nikarithi kitu kinachoitwa "huduma ya Kwaresma".

Utaratibu tulioukuta ni huu. Jumatano ya Majivu kila mtu anachagua cha kujinyima. Ijumaa zote uji unanywewa bila sukari, jioni makande matupu, halafu Njia ya Msalaba kuzunguka uwanja wa netiboli, kila bweni na vituo vyake. Hapo hakuna anayetega. Hata wale wapiga kelele wa kidato cha tatu wananyamaza kabisa kituo cha kumi na mbili, Yesu anapokufa msalabani. Hela ya sukari na sadaka zao vinawekwa pamoja, na Jumamosi moja kabla ya Jumapili ya Matawi basi la shule linapeleka sabuni, unga na kanga kwa wazee wa vijiji vya jirani. Wanaimba, wanapiga picha na bango, chakula cha mchana kinawakuta shuleni.

Sasa Sista mkuu wa shule anataka tuboreshe. Kila msichana awe na daftari la saa za huduma, akifikisha kiwango apewe cheti siku ya mahafali. Wazazi wanapenda vyeti, na wahitimu wetu wanaoomba vyuo vya nje huulizwa wamefanya nini kwa jamii. Sista namwelewa, wala si mtu wa makuu.

Ila kuna bibi kanivuruga. Tulipomshushia boksi la sabuni alishukuru, akatuombea baraka, kisha akanivuta pembeni, akasema sabuni anazo, hata za mwaka jana hazijaisha. Anachokosa ni mtu wa kumkatia majani ya ng'ombe. Mgongo umegoma, na watoto wako Dar mpaka Desemba.

Jingine ni wasichana wasio Wakatoliki. Walutheri hawanipi shida, Kwaresma wanayo. Waislamu je? Mwaka huu Majivu yalikuwa tarehe 18 Februari 2026, na mwezi wa Ramadhani ukaandama juma hilohilo. Kwa hiyo kuna mabinti walikuwa wamefunga tangu alfajiri bila hata tone la maji, huku sisi tunajisikia watakatifu kwa uji usio na sukari. Basini walipanda. Kama walipanda kwa hiari, sijui.

Nianzie wapi?

Mangi wa Mjini

Kata majani, mwalimu. Bibi keshakujibu, yaliyobaki ni vikao.

MamaMleziMstaafu

Milele amina, mwanangu. Mimi nimelea TYCS miaka mingi kusini huku Ruvuma, sasa nalea kuku. Nisome taratibu, maana naandika kwa kidole kimoja.

Wasichana wako wanajua kuimba "Ona, Amua, Tenda", sivyo? Wengi wanadhani ni kibwagizo cha mkutano. Ni njia ya kazi. Aliianzisha padri wa Ubelgiji, Joseph Cardijn, miaka ya 1920, alipoona vijana wa viwandani wanalipoteza Kanisa na Kanisa linawapoteza wao. Mwaka 1961 Papa Yohane XXIII akaiandika katika waraka wake wa Mater et Magistra kuwa ndiyo njia ya kuyaingiza mafundisho ya jamii katika maisha. Shule yako imeruka Ona, ikaruka na Amua, ikapanda basi. Ndiyo maana bibi ana sabuni ya kuuza dukani.

Kuona hakuanzii shuleni. Nenda kwa mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo ya Kikristo ya kijiji hicho. Hao ndio wanaojua nani anadanganya kuwa anakula na nani kweli anakula. Maaskofu wetu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, waliposema mwaka 1976 kwamba jumuiya ziwe kipaumbele, hawakuwa wanatafuta mahali pa kusalia rozari tu. Muulize akutajie nyumba chache. Chache, nasema. Kisha wasichana waende mikono mitupu, wasalimie, wakae, waulize siku ya mzee inakwendaje kuanzia anapoamka. Wasimuulize "una shida gani," maana mzee wa Kiafrika atakujibu hana shida, kisha atakupa ndizi uondoke nayo.

Wakirudi, mkutano wa TYCS ndio wa kuamua. Wasome Mathayo 25, "nalikuwa na njaa mkanipa chakula," halafu wabishane. Waache wabishane kweli, usiwahi kufunga mjadala. Nilikuwa na kundi moja lilibishana mpaka kengele ya kulala kama ni sawa kumpelekea mama mmoja unga ilhali mwanawe wa kiume yupo na anakunywa pombe. Walichokuja kuamua sikukipenda, lakini kilikuwa chao, na walikitekeleza mpaka wanamaliza kidato cha nne.

Kisha kutenda: nyumba ileile, wasichana walewale, mwaka mzima. Majani, maji, kufagia chini ya migomba, kusoma karatasi ya dawa. Usiiache Kwaresma ibebe kila kitu. Oktoba mna mwezi wa Rozari, wakasali na bibi hukohuko kwake. Novemba, Jumapili ya 33 ya Kipindi cha Kawaida cha Kanisa, ni Siku ya Maskini Duniani, aliyoianzisha Papa Fransisko, tunaiadhimisha tangu 2017. Lakini hapo usiwaguse kidato cha nne, wako kwenye mtihani wa taifa. Wa kwanza na wa tatu wanatosha.

Kuhusu uji: Sheria ya Kanisa inamdai kufunga mtu kuanzia miaka 18 mpaka anapoingia mwaka wa 60, na kuacha nyama kuanzia 14. Kidato cha kwanza wako wengi hawadaiwi kufunga. Anayetaka kuacha sukari aache, lakini bakuli la mtoto wa miaka 13 msilipangie nyie. Na sukari inayookolewa mpishi aipime mbele ya viongozi wa wanafunzi na thamani yake iandikwe ubaoni. Nimeona Kwaresma ambapo wasichana walijinyima na aliyeneemeka ni mtunza stoo.

Cheti sasa. Mwambie Sista, kwa heshima zote, afungue Injili ya Jumatano ya Majivu yenyewe, Mathayo 6. "Hata mkono wako wa kushoto usijue ufanyalo mkono wako wa kuume." Asubuhi mnasomewa hayo, wiki chache baadaye mnabeba bango! Daftari silipingi, liwe la kuandika walichokiona na walichojifunza, bila kuhesabu saa. Chuo cha nje kikiuliza, Sista ataandika barua yenye maneno ya kweli, nayo inamfaa msichana kuliko karatasi yenye muhuri. Saa zikishahesabiwa, kila mtu atageuka karani. Sisi tulikulia kwenye Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, tukilima shamba la shule tangu 1967, na hakuna aliyetupa cheti cha jembe. Tulinung'unika sana, nisiseme uongo.

BintiPangani

Shikamoo mwalimu. Mimi Muislamu, nilisoma kwa masista miaka minne, bweni. Nakujibu hilo la basi.

Kazi haikunikwaza hata siku moja. Kumtazama mzee na jirani ni dini yangu pia, nyumbani tumelelewa hivyo. Kilichonikwaza ni fulana. Tulipewa fulana zenye picha ya Bikira Maria na maandishi ya Kwaresma, na ukikataa kuvaa unaonekana hutaki kwenda. Mara nyingine nilipangiwa kusoma sala ya kituo kwa sababu tu nilikuwa nasoma vizuri mbele za watu. Nilisoma. Nikampigia mama simu ya bwenini nikilia, mama akasema Mungu anajua, soma shule.

Kwa hiyo tenganisha, mwalimu. Misa na Njia ya Msalaba ni ya wenyewe, anayetaka kukaa nyuma kimya akae, asiyetaka awe na pa kukaa, pasiwe jikoni pa kumenya viazi kama adhabu. Majani ya ng'ombe ni ya wote, na sare ya shule inatosha.

Pili, Ramadhani. Usiwapeleke saa tisa alasiri. Asubuhi baada ya daku bado wana nguvu. Na anayefunga asipewe ndoo kupanda mlima, mpe kusoma karatasi za dawa au kukaa na mzee.

Tatu, hili walimu wengi hawalijui. Mchango wa Waislamu msiuchanganye ovyo kwenye boksi la Kwaresma. Zaka na fitri zina wenyewe, na wanazuoni walio wengi wanasema hupewa Waislamu wahitaji. Sadaka ya kawaida ndiyo unaweza kumpa yeyote. Waulize wanatoa nini, watakwambia.

MwalimuMigombani

Marahaba, mwanangu, na asante. Fulana tunazo, ziko stoo. Zitabaki kwa wanakwaya.

Mama mlezi, shikamoo. Nimemsomea Sista ujumbe wako leo baada ya chai. Pale kwa mtunza stoo alicheka, kwenye bango hakucheka. Amekubali tuanze na nyumba tano na tukae bila cheti mpaka Desemba, kisha tutazungumza tena. Wasiwasi wake ni usalama. Wasichana wawili wawili njiani, masika utelezi, mundu mkononi.

Mwl. Mutua

Hujambo mwalimu. Mimi niko Machakos, shule ya kanisa pia. Huku kwetu huduma kwa jamii imekuwa somo la lazima katika sekondari ya juu, na Gredi ya 10 wameanza nayo Januari hii. Zuri lake ni kwamba imepata kipindi kwenye ratiba, si lazima uibe Jumamosi ya watoto. Ubaya nauona mapema: nimeshasahihisha ripoti tatu zenye nyanya (bibi) mmoja, mbuzi mmoja na hitimisho moja. Kwa hiyo hilo la daftari, wape maswali ambayo mwenzao hawezi kuwajibia. Mzee alikataa nini? Alicheka lini?

MzaziKidatoChaPili

Nami nilikuwa wa kwanza kutaka cheti, nimerudi nyuma kidogo. Lakini kwenye usalama siondoki. Wawili hawatoshi, mwalimu. Wawe wanne, na mama mmoja wa jumuiya awepo nyumbani muda wote, hasa kwa babu anayeishi peke yake. Mzazi asaini kabla, na ajue ni nyumba ya nani. Picha zisiwekwe mtandaoni, za watoto wala za wazee.

MamaMleziMstaafu

Mzazi amesema vema, wanne. WAWATA, yaani Wanawake Wakatoliki Tanzania, wa kigango watakupa akina mama, waombe kupitia paroko ili asije akasikia habari njiani.

Mundu usiwape siku ya kwanza. Hao wako wa kutoka mjini hawajui kushika, watajikata. Siku ya kwanza wabebe tu, bibi au jirani akate huku wanaangalia. Nyoka nao wapo kwenye majani marefu, kwa hiyo viatu vya mvua, msichana mwenye ndala abaki shuleni. Na umuulize bibi ng'ombe wake anakula nini. Usije ukapeleka mzigo wa majani asiyoyataka, ukawa umerudi kwenye sabuni.