Vitabu saba vya Narnia: nianze na kipi? Namba za mgongoni zinagongana

Mama Darasa la Nne
Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri wa wanaovijua vitabu vya C.S. Lewis vya Narnia, ile nchi ya kubuni yenye uchawi. Mtoto ana miaka 9, Kiingereza anakisoma vizuri, na tutasoma pamoja jioni. Vitabu ni vya mitumba, vimetoka kwa wauzaji tofauti, na namba zinanichanganya. The Lion, the Witch and the Wardrobe imeandikwa 2, Prince Caspian nayo 2. The Horse and His Boy ni 5, The Voyage of the Dawn Treader nayo 5. The Magician's Nephew ndiyo imeandikwa 1. Nifuate namba zipi?

Mkutubi
Hapo una matoleo mawili yaliyochanganyika, dada. Namba usizifuate kabisa, fuata majina.

Vilitoka kimoja kila mwaka: Lion 1950, Caspian 1951, Dawn Treader 1952, The Silver Chair 1953, Horse 1954, Magician's Nephew 1955, The Last Battle 1956. Matoleo ya zamani yalihesabu hivyo. Mwaka 1994 HarperCollins wakapanga upya kwa kufuata miaka ya ndani ya hadithi: Nephew, Lion, Horse, Caspian, Dawn Treader, Silver Chair, Last Battle. Ndiyo maana ni cha saba peke yake ambacho namba yake haijabadilika.

Anza na Lion, hata kama Nephew imeandikwa 1. Katika sura ya 7 ya Lion, Aslan, yule simba, anatajwa kwa mara ya kwanza, na mwandishi anasema wazi kwamba wale ndugu wanne walioingia Narnia kupitia kabati hawakumjua, sawa na msomaji. Aliyetoka kusoma Nephew anamjua tayari, kwa hiyo sentensi hiyo inakosa nguvu. Vilevile nguzo ya taa katikati ya theluji inatakiwa imtie mtoto maswali. Nephew ndiyo inayoeleza ilikotoka, pamoja na kabati lenyewe. Ukitanguliza majibu, maswali hayaji.

Bahari ya Mashariki
Nakubaliana na Mkutubi kuhusu kuanza na Lion. Ila wanaoanza na Nephew nao wana hoja: mwaka 1957 Lewis alimjibu kwa barua mtoto mmoja wa Marekani, akaegemea mpangilio wa miaka ya hadithi, kisha akaongeza kwamba huenda mpangilio si jambo kubwa sana.

Ninachopendekeza mimi ni kuipandisha Horse isomwe mara tu baada ya Lion. Matukio yake yanatokea wakati wale ndugu wanne wanatawala Narnia, yaani ndani ya sura ya mwisho ya Lion. Mtoto akishawaona wakiwa wafalme na malkia, kisha akafungua Caspian na kukuta Cair Paravel, ngome yao, ni magofu na miaka 1,300 imepita kule, atauhisi uzito wake. Faida nyingine iko Silver Chair sura ya 3: malenga kipofu anasimulia kisa cha Horse mbele ya wageni, na aliyekisoma atakitambua papo hapo.

Mkutubi
Hoja nzuri, mkuu. Tahadhari moja tu: Horse inaanzia nchi ya Calormen, kusini mwa Narnia, kwa mtoto Shasta, na wahusika wa Lion hawaonekani hadi sura ya 4. Mama umwambie mtoto mapema, la sivyo atadhani amepewa kitabu kisichohusika.

Pasipovunjwa ni hapa: Caspian, Dawn Treader na Silver Chair zifuatane. Eustace, binamu wa wale ndugu, anaingia Dawn Treader akiwa mkorofi na huko ndiko anakobadilika. Silver Chair inamchukua akiwa mtu mwingine. Last Battle inakusanya watu wa vitabu vyote, wakiwemo Digory na Polly wa Nephew, kwa hiyo iwe ya mwisho.

Mama Darasa la Nne
Nimeelewa, asanteni sana. Itachukua muda gani? Na kuna sehemu za kuangalia kabla sijamsomea?

Msomaji wa Usiku
Jumla ni sura 110. Sura moja kwa jioni, siku tano kwa wiki, ni wiki 22. Lion ndiyo yenye sura nyingi, 17.

Zisome mwenyewe kwanza sura ya 14 ya Lion, Aslan anapouawa, na sura za mwisho za Last Battle. Usimalizie usiku kwenye hiyo ya 14. Soma na ya 15 palepale.

La pili, na hili ni zito: Watu wa Calormen wameelezwa kuwa weusi wenye vilemba na panga zilizopinda, na mara nyingi ndio wabaya. Mtoto akiwa wa pwani, ataona mavazi anayoyajua. Mwulize anaonaje, kisha mwonyeshe Aravis katika Horse na Emeth katika Last Battle, Wakalormen wenye heshima kubwa. Aslan naye amejengwa juu ya imani ya Kikristo ya mwandishi, kwa hiyo maswali ya dini yatakuja katika nyumba yoyote.

Bahari ya Mashariki
Kwa kuwa ni mitumba, angalia ukurasa wa hakimiliki. Matoleo ya Marekani ya kabla ya 1994 yanamwita mbwamwitu wa malkia mchawi wa Lion Fenris Ulf, ya Uingereza yanamwita Maugrim. Ni yuleyule. Mwisho wa sura ya 12 ya Dawn Treader nao unatofautiana, basi mkisoma kwa nakala mbili msishangae.