Kwa nini askari aliyefunzwa huiona silaha pasipo na silaha?

Mwanafunzi wa Sheria
Wanajukwaa, salaam. Ninasoma kesi ya Amadou Diallo, mhamiaji mweusi kutoka Guinea aliyeuawa New York mwezi Februari 1999 baada ya askari kanzu wanne kumfyatulia risasi 41, ambapo 19 zilimpata, ilhali alichoshika mkononi kilikuwa pochi. Mwaka uliofuata mahakama iliwaachia huru. Hivi watu wanne wenye mafunzo wanawezaje kukosea pamoja kiasi hicho? Ni chuki au ni woga?

Mkufunzi Mstaafu
Ndugu, nimefundisha askari kwa miaka mingi, na nakuhakikishia kuwa woga hubadilisha hata kile mtu anachokiona. Moyo ukienda mbio, macho hung'ang'ania mikono ya mtuhumiwa na ya pembeni yote hupotea. Wapo wanaosimulia kwamba hawakusikia hata milio ya bastola zao wenyewe. Katika kesi hiyo, kwa maelezo ya askari wenyewe, mmoja wao alianguka chali kwenye ngazi, wenzake wakaamini amepigwa risasi, wakazidi kufyatua.

Mshauri Nasaha
Naafikiana nawe, Mwalimu, lakini woga huo una wa kumwelekea. Mwaka 2002 mwanasaikolojia Joshua Correll na wenzake walichapisha utafiti uliotumia mchezo wa kompyuta, na washiriki walikuwa wepesi zaidi kumpiga risasi mwenye silaha akiwa mtu mweusi, na wepesi zaidi kumwacha asiye na silaha akiwa mzungu. Walipowapima askari, katika utafiti wa 2007, askari walikosea kidogo kuliko raia, ingawa kasi ya vidole vyao bado ilionyesha upendeleo uleule. Jambo hili linanihuzunisha, kwa sababu anayeupata ubaya huo hana habari nao mpaka umfike.

Mwanafunzi wa Sheria
Ikiwa nusu sekunde ile ya kuamua kufyatua haidhibitiki, kosa tulitafute wapi?

Mkufunzi Mstaafu
Litafute katika dakika iliyoitangulia. Askari anayemkimbilia mtu bila kujikinga nyuma ya kitu amejinyima muda wa kutazama mara ya pili, na ubongo ulionyimwa muda hujaza pengo kwa kile ulichozoea kukitarajia. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 kuhusu matumizi ya nguvu na silaha zinamtaka askari ajitambulishe, aonye waziwazi, na ampe mtu nafasi ya kutii onyo hilo, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kungehatarisha maisha. Ndiyo maana zoezi langu la kwanza halikuwa la shabaha: niliwataka warudi nyuma ya gari, wavute pumzi, kisha waseme kwa sauti kile wanachokiona mkononi mwa mtuhumiwa.