Baba alipigana Kisangani, sasa mtaani wanamwita mwizi

Binti wa Koplo, Bombo
Habari zenu. Baba yangu alikuwa koplo wa UPDF, jeshi la Uganda. Juni 2000 alikuwa Kisangani, jeshi letu lilipopigana siku sita na jeshi la Rwanda ndani ya mji wa Wakongo. Tangu Mahakama ya Kimataifa ya Haki ituamuru mwaka 2022 tuilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita na maliasili zilizoporwa, dhahabu ikiwemo, malipo yakitajwa tu redioni, vijana wa steji ya boda wanamwita "mzee wa dhahabu". Juzi mmoja akamwuliza mbele ya wajukuu dhahabu ameificha wapi. Mzee analima mihogo, choo tunachangia na jirani! Wenye wazazi waliokwenda kule, mnawajibuje watu?

Mpondwe Mpakani
Pole dada. Waambie hivi: katika hizo 325, milioni 225 ni za watu waliouawa, waliojeruhiwa, waliobakwa na waliokimbia makwao. Mali zilizoharibiwa ni 40, maliasili 60. Wanaoshupalia dhahabu wanawaruka wafu. Na Tume ya Jaji David Porter ilipochunguza biashara ya kule, majina mazito yalikuwa ya maofisa wakubwa. Koplo gani alikuwa na ndege ya kubebea mbao?

Afande Mstaafu, Mbarara
Askari hachagui vita. Walioanza kwenda Somalia 2007 wanapokelewa kama mashujaa, na ni haki yao. Kila Tarehe Sita Februari, siku ya jeshi letu, nasikiliza hotuba: vita vya msituni vya Luweero vipo, Mogadishu ipo. Kisangani sijaisikia hata mara moja. Wakubwa wakinyamaza, vijana watajaza wanachotaka. Msalimie mzee.

Mama Neema, Nsambya
Mimi ni wa Kisangani, nilikuwa msichana. Tulilala chini ya kitanda, makombora yakipita juu ya nyumba, maji hakuna, umeme hakuna. Shangazi yangu alitoka kutafuta maji, tukamzika uani kwa sababu makaburini hakukufikika. Dada, baba yako simwiti mwizi. Ila Afande, hilo la amri halinitoshi. Uganda na Rwanda walikuwa na mipaka yao, wakaja kugombana kwetu. Sitaki dhahabu. Nataka mtu mmoja aliyekuwepo aniambie walikuwa wanapiga nini.

Binti wa Koplo, Bombo
Mama Neema, pole sana kwa shangazi. Nimemsomea baba maneno yako yote, mara mbili, maana aliomba nirudie. Amesema alikuwa upande wa daraja la Tshopo, na kwamba walijua nyumba zile zina watu. Miaka yote hii hajawahi kutuambia hilo. Vijana wa steji amekataa kuwajibu, lakini wewe anataka kuongea nawe mwenyewe, kwa simu au uje Bombo. Ukikubali, niandikie faraghani nikupe namba. Kama hutaki, tutaelewa.